Barua kwa mwanangu: deni la biashara ni la nani?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama wewe na mwenzako mwandikishe karakana ya samani kwa jina lako peke yako, mwingie ubia, au mfungue kampuni. Ukalalamika kwamba kampuni ina makaratasi mengi. Ni kweli, inayo. Lakini kwanza jiulize: siku biashara ikishindwa kulipa, mdai atabisha mlango wa nani?

Ikiwa ni yako peke yako, atabisha kwako. Faida yote yako, hakuna wa kumwomba ruhusa, ila sheria haikutenganishi na biashara. Deni lake ni deni lako, na akiba yako ya nyumbani inaweza kulilipa.

Kwenye ubia nitakaa kidogo, maana uliniuma. Kabla hujazaliwa nilifanya biashara na rafiki yangu. Hatukuandikiana kitu, tulipeana mikono tu. Akachukua mali kwa mkopo kwa jina la biashara bila kuniambia, kisha akatoweka. Mdai akaja kwangu. Nikamwambia nitalipa nusu yangu, akacheka. Mwanasheria ndiye aliyenifumbua macho: katika ubia wa kawaida kila mbia huwafunga wenzake kwa anachokubali kwa niaba ya biashara, na mdai anaweza kumbana mmoja kwa deni lote. Kumsaka mwenzangu anirudishie ni shauri langu. Nililipa miaka mitatu.

Na usidhani kutoandikishana kunakuokoa. Kwa sheria zilizotokana na za Kiingereza, mkifanya biashara pamoja mkigawana faida, mnaweza kuhesabiwa wabia hata bila karatasi. Tena msipokubaliana vingine, faida hugawanywa sawasawa, hata kama wewe ndiye uliyetoa mtaji mkubwa.

Kampuni ni habari nyingine. Uingereza alikuwapo fundi wa viatu, Aron Salomon, aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Hisa zilikuwa 20,007. Mkewe na watoto watano walipata moja moja, zilizobaki zote zake. Kampuni ikafilisika, wadai wakataka alipe yeye, wakisema kampuni ni yeye mwenyewe kavaa joho. Mwaka 1896 mahakama ya mwisho ikakataa: kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Hadi leo, mwanahisa wa kampuni yenye ukomo wa dhima kwa kawaida hupoteza kile alichoweka kwenye hisa tu. Mwanahisa akifa, kampuni inaendelea.

Ila benki wanaijua hesabu hiyo. Kampuni changa ikiomba mkopo, watakutaka utie saini ya udhamini kwa jina lako, na hapo ukuta wote umeubomoa mwenyewe. Pesa za kampuni nazo usizichanganye na za mfukoni.

Ushirika, ambako kila mwanachama ana kura moja hata awe na hisa ngapi, ni mzuri kwa watu wengi. Ninyi ni wawili.

Kwa kuwa mbao mtachukua kwa mkopo, mimi ningefungua kampuni, na bado ningeandika nani anatia saini, na anayetaka kutoka hisa zake anazinunua nani, kwa bei ipi. Mwenzako nilimwona mara moja, nikampenda. Yule wangu pia nilimpenda.

Rasimu ikiwa tayari niletee niisome kabla hamjaisaini.

Mama yako