Ultrasaundi ilitoka safi, mbona goti bado linaachia?

Habari mkuu. Umesema uliteguka goti ukicheza mpira wiki tatu zilizopita, ultrasaundi ikatoka safi, lakini ukigeuka ghafla goti linakuachia. Picha hiyo isikutulize.

Kupiga picha hizi ndiyo kazi yangu. Mawimbi ya ultrasaundi hayapenyi mfupa, kwa hiyo kinachoonekana vizuri ni vya juujuu: kano ya chini ya pia ya goti, ligamenti (utepe unaounganisha mfupa na mfupa) ya pembeni upande wa ndani, maji yaliyojaa, msuli uliochanika. Ligamenti mbili zinazopishana katikati ya goti, na sehemu kubwa ya meniski (gegedu zinazokinga mshtuko kati ya mifupa), zimejificha. Na goti linaloachia hivyo, mimi wa kwanza kumshuku ni ligamenti ya mbele kati ya hizo mbili zinazopishana.

Anza na ripoti yako: waliandika waliangalia nini? Mara nyingi "safi" maana yake ni kwamba walichokiangalia kiko sawa, basi. Goti lilivimba ndani ya saa chache? Ulisikia mlio wa kitu kukatika? Mweleze hayo daktari wa mifupa, alipime kwa kulivuta kwa mikono (kipimo hicho hakihitaji mashine, na watu hukidharau kwa sababu hiyohiyo), kisha aamue kuhusu MRI (picha inayopigwa kwa sumaku).

Kama ligamenti hiyo imekatika au la, siwezi kukuambia nikiwa huku bila kulishika goti. Ila mpira acha kwanza, na goti likikwama ukashindwa kulinyoosha, usingoje miadi.