Kuhamia Jiji Kubwa na Watoto Wadogo: Tulihesabu Pesa, Tukasahau Muda

Tulipoamua kuuaga mji mdogo uliotupokea tulipofika ugenini na kuhamia jiji kubwa la nchi hiyohiyo, binti yetu alikuwa na miaka 4 na mdogo wake alikuwa na miezi 9. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya taaluma yake baada ya kubangaiza kwa miaka 3, nami nilikuwa nimechoshwa na kibarua cha saa chache kwa wiki. Usiku 3 mfululizo tulikaa mezani na daftari, tukajumlisha kodi ya nyumba, amana, gari la kubebea vyombo na nauli, tukaona kwamba mambo yanawezekana. Hesabu ile haikuwa na kosa hata moja. Tulichoshindwa kukiandika ni muda: muda wa kungoja nafasi ya mtoto katika kituo cha malezi, muda uliowekwa na sheria kwa ajili ya karatasi zetu, muda wa barabarani, na muda ambao mtoto huhitaji ili aanze tena kuzungumza mbele ya watu wasiomjua. Jiji kubwa lilitudai huo wote, na lilitudai kwa mkupuo.

Nianze na nyumba, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakoanzia. Sisi tuliitazama siku ya Jumapili, saa sita mchana. Kutoka mlangoni hadi ofisini kwa mume wangu tulitumia dakika 25, treni ikiwa nusu tupu na mtoto akiwa amelala, tukafurahi na kutia saini. Jumatatu ya kwanza ya kazi alitumia dakika 55, akiwa amesimama njia nzima kwa sababu treni 2 zilimpita pale kituoni zikiwa zimejaa pomoni. Kwa hiyo, anayetaka kujua nyumba iko mbali kiasi gani na aipime asubuhi ya siku ya kazi, saa ileile atakayokuwa akitoka, na kama kuna mtoto wa kubebwa aipime akiwa naye, pamoja na kigari chake.

Kigari nakitaja kwa sababu kilinifundisha jambo. Kituo pekee cha kulelea watoto kilichokuwa na nafasi kilikuwa upande wa pili wa reli, vituo 3 kutoka kwetu, na lifti ya kituo cha treni ilikuwa mbovu kwa wiki kadhaa. Asubuhi moja ya mvua nilisimama chini ya ngazi zile nikiwa na mtoto kwenye kigari, mkoba begani, na binti yangu ameshika upindo wa koti langu kama nilivyomwelekeza, huku watu wakitupita kulia na kushoto. Mwishowe kijana mmoja alishika upande wa mbele wa kigari bila kusema neno, tukapanda pamoja, naye akapotea kabla sijashukuru. Nilifika kazini nimechelewa dakika 40. Ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumechagua nyumba kwa kutazama safari moja, ya mume wangu, ilhali familia yenye watoto wadogo ina pembe 3: nyumbani, kazini na mahali mtoto anaposhinda. Pembe moja ikiwa mbali, kuna mzazi atakayelipia umbali huo kila siku, asubuhi na jioni.

Mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa zama na miji mbalimbali huelekea kutumia takriban saa 1 kwa siku katika safari zao, kwenda na kurudi, na kwamba chombo cha usafiri kikiwa na kasi zaidi, mji hutanuka badala ya watu kubakiza muda. Sijui kama fikra hiyo yamfaa kila mtu, lakini kwa familia yetu saa ile 1 imekuwa kipimo kizuri. Tulipohama tena ndani ya jiji, baada ya mwaka na nusu, tulichukua nyumba yenye chumba kimoja pungufu na kodi ya juu kidogo, lakini iliyo mahali ambapo kituo cha watoto kinafikika kwa miguu. Wako waliotuona wajinga. Kuna kanuni inayotumika sana, hasa Marekani, kwamba familia inayotumia zaidi ya 30% ya kipato chake kwa makazi huhesabiwa kuwa imeelemewa, na ni kanuni ya kuheshimiwa. Ila nashauri kwamba kabla ya kuikimbilia nyumba ya bei nafuu pembezoni mwa jiji, nauli zote na malipo ya saa za ziada za malezi yaongezwe kwenye kodi yake, kisha ndipo zilinganishwe nyumba hizo. Kwetu tofauti ilibaki ndogo mno.

Ikiwa umbali ni hivyo, basi mpangilio wa maandalizi hubadilika. Mimi sasa ningetafuta nafasi ya mtoto kwanza, kisha nyumba. Katika majiji mengi makubwa orodha za kungojea nafasi za watoto wachanga hujaa miezi kadhaa mbele, na baadhi ya vituo hupokea maombi hata kabla mwombaji hajawa na anwani katika jiji hilo. Niliamini kwamba mtu huomba akishafika, na imani hiyo ilinigharimu wiki 11 bila kazi. Uulize mapema, uombe sehemu zaidi ya moja, na upige simu tena baada ya wiki chache, kwa kuwa nafasi nyingi huachwa wazi na familia nyingine zinazohama ghafla kama yako.

Sasa karatasi. Mhamiaji anayebadilisha makazi hana uhuru wa raia wa kutoa taarifa anapojisikia, kwa kuwa nchi nyingi zimeweka siku maalumu. Marekani humtaka karibu kila asiye raia aijulishe idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10, na kuwaarifu watu wa posta peke yao hakutoshi. Ujerumani hutoa wiki 2 tangu kuhamia, na mwenye nyumba hana budi kutoa hati inayothibitisha kwamba kweli umehamia kwake. Sweden ni wiki 1. Uholanzi ni siku 5. Bima ya afya nayo ina kalenda yake: nchini Kanada kila jimbo lina bima yake, na anayehamia jimbo jingine anaweza kungoja hadi miezi 3 kabla ya kuingizwa katika bima mpya, ingawa jimbo alilotoka huendelea kumgharimia kwa kipindi hicho. Marekani, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini haivuki mpaka wa jimbo pamoja na mwenye nayo, hivyo huombwa upya. Kwa mwenye mtoto mchanga ambaye homa humpanda usiku wa manane, haya ni mambo ya kuulizwa kabla gari la vyombo halijaondoka.

Sisi tulibadilisha anwani benki, kazini na kwenye kampuni ya simu. Idara ya uhamiaji tuliiacha kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshafanya. Barua ya kuniita kwa ajili ya kuhuisha kibali cha ukaazi ilikwenda nyumba ya zamani, ikakaa chini ya mlango mpaka mpangaji mpya alipomtafuta jirani yetu wa zamani, naye akanipigia simu. Siku niliyotakiwa kufika ilikuwa imepita kwa siku 6. Nilipewa siku nyingine baada ya kuandika maelezo, lakini miezi 2 ile ya kungojea sikuthubutu kusafiri wala kubadili kazi, na usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu. Tangu hapo tuna utaratibu mmoja tu ndani ya nyumba: jambo la serikali lina mtu mmoja mwenye jukumu, jina lake linaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati, na akimaliza anaandika tarehe.

Nyaraka zenyewe zisipande gari la vyombo. Kadi za chanjo za watoto wetu zilisafiri ndani ya boksi la kumi na saba, chini ya sahani, na shule ilizitaka siku ya kwanza. Nilifungua maboksi hayo usiku, sakafuni, huku nikiziba mdomo nisimwamshe mdogo. Ziwekeni kwenye mkoba mmoja unaobebwa mkononi: vyeti vya kuzaliwa na tafsiri zake zilizofanywa na mfasiri anayetambuliwa, vibali, kadi za chanjo, taarifa za shule, mikataba ya kazi, na barua ya mwenye nyumba wa zamani inayoeleza kwamba mlilipa kodi kwa wakati. Barua hiyo ya mwisho husahauliwa sana, nayo kwa familia ngeni isiyo na historia ndefu ya kifedha ndiyo inayosimama mahali pa mdhamini. Iombeni mkiwa bado mnaonana na mtu mwenyewe, kwa sababu akishampata mpangaji mwingine, kuijibu simu yenu hakumpi faida yoyote.

Kuhusu utapeli nitasema machache. Anayehama kutoka mbali, mwenye haraka na asiyeijua lugha vizuri, ndiye hasa anayewindwa. Msitume amana kwa nyumba ambayo hakuna mtu mnayemwamini aliyeingia ndani yake, hata kama picha zinavutia na mwenye nyumba anajieleza kuwa yuko safarini.

Mume wangu alitutangulia kwa wiki 6, akapanga chumba kimoja na kuanza kazi, nasi tukabaki. Kutengana kwa muda mfupi namna hiyo nakuunga mkono, kwa kuwa yeye alijifunza mitaa na mimi nikafunga mambo ya nyuma bila pupa. Nimeona lakini familia zilizokubaliana miezi 2 ikawa mwaka, na mtoto mdogo akaanza kumwonea haya baba yake. Andikeni tarehe ya kukutana kabla hajaondoka, na iwe tarehe inayolingana na likizo ya shule.

Hapo kwenye likizo ndipo nilipokosea zaidi. Tulimhamisha binti yetu katikati ya muhula, kwa kuwa kazi haikungoja. Katika shule ya zamani alikuwa anazungumza lugha ya nchi ile bila tabu. Katika shule mpya alinyamaza kwa wiki 7. Mwalimu akaniita, akaniuliza kwa upole kama mtoto anaelewa anachoambiwa. Jioni ile tulipofika nyumbani aliwapanga midoli yake sakafuni, akawafundisha somo zima la siku ile kwa lugha ya shuleni, na hata sauti ya mwalimu aliiiga barabara. Alielewa kila kitu. Alichokuwa amepoteza ni watu wa kuwaambia.

Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, aliyechunguza watoto wahamiaji, alitofautisha lugha ya mazungumzo, ambayo mtoto huipata kwa takriban miaka 2, na lugha ya masomo, ambayo huhitaji kama miaka 5 hadi 7. Maana yake kwa mzazi anayehama ni kwamba mtoto anayeonekana kuwa ameshaizoea lugha bado yuko safarini, na kumbadilishia shule ni kumwongezea mzigo akiwa njiani. Mweleze mwalimu mapema mtoto ametoka wapi na ana lugha gani. Nyumbani msiiache lugha yenu kwa kudhani kwamba mnamsaidia. Kwa binti yangu wiki zile 7 Kiswahili ndicho kilichokuwa mahali pekee ambapo alikuwa bado mcheshi.

Tuliambiwa pia kwamba jijini watu wa kwetu ni wengi, kwa hiyo hatutakuwa wapweke. Ni kweli kwamba ni wengi. Wengi wao wako mbali, kila mmoja na zamu yake na watoto wake, na tunaonana kwenye harusi na misiba. Sishauri kuchagua mtaa kwa sababu hiyo peke yake. Katika mji mdogo tulikuwa na bibi mmoja wa nyumba ya jirani, asiye wa lugha yetu wala wa nchi yetu, aliyekuwa na ufunguo wetu wa akiba na aliyewahi kumchukua mtoto shuleni mara 3 nilipokwama. Hatukumhesabu kwenye daftari lile. Nilipojaza fomu ya kituo cha watoto jijini nilikuta mstari unaotaka jina la mtu mwingine wa kupigiwa simu ikiwa wazazi hawapatikani. Niliuacha wazi, na mhudumu akaniangalia, kisha akaiweka fomu kwenye faili bila kuuliza.

Mtu hapatikani kwa kungojea mlangoni. Nilianza kukaa dakika 10 za ziada kwenye bustani ya watoto kila jioni hata nilipokuwa nimechoka, kwenye benchi lilelile, nikawa nasalimia kwa jina. Mara ya kwanza ni mimi niliyejitolea kukaa na mtoto wa mama wa ghorofa ya chini alipokuwa na miadi hospitalini, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba anayeomba msaada kwanza huogopwa, na anayeutoa kwanza hukumbukwa. Baada ya miezi 8 nilirudi pale kituoni, nikaomba fomu yetu, nikaandika jina lake kwenye ule mstari.