Umekwama Kitonga? Usitanue

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyenunua Fuso lake la kwanza aliniandikia. Alipakia nyanya Ilula kwenda Dar, akalala Kitonga usiku kucha, na nyanya zikaanza kutoa maji. "Kaka, nyie wakongwe mnafanyaje?" Nimeshamjibu, ila najua wengi mnaonisoma mnataka siku moja mmiliki magari yenu, kwa hiyo wacha niliseme hapa kwa wote.

Asiyepajua Kitonga, ni mlima wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na kona juu ya kona. Semi inaruhusiwa kufika tani 56, gari na mzigo wake. Hiyo inapanda kwa gia ya chini kabisa, na ikiunguza klachi kwenye kona ndiyo imefika. Huwezi kuisukuma pembeni, maana pembeni hapapo.

Lakini sikilizeni, gari bovu lenyewe halifungi barabara. Linafunga upande mmoja tu. Barabara inafungwa na wenye haraka walioko nyuma yake: huyu anatanua, yaani anatoka kwenye foleni na kupita upande wa wanaoshuka, yule anamfuata, wanaenda kukutana pua kwa pua na mabasi yanayoshuka. Hapo hakuna wa mbele wala wa nyuma, na winchi iliyoitwa kulivuta gari bovu imekwama huko chini na wenzake. Kazi ya saa mbili inakuwa ya hadi asubuhi.

Mwaka fulani, msimu wa Krismasi, trela lilikata shafti mbele yangu kwenye kona ya juu. Utingo wangu akaweka kabari kwenye matairi, mimi nikashuka kwa miguu kabla mabasi hayajafika. Nikamwomba mwenye semi mwenzangu alaze kichwa cha gari lake mshazari kidogo, ili mwenye Prado asipate upenyo. Mtandao wa simu ulikuwa unakatika, kwa hiyo tukatumia tawi. Kundi la kushuka likiachiwa, gari la mwisho linakabidhiwa tawi. Tawi likifika chini, ndipo wa chini wanaachiwa, na la mwisho lao linalipandisha tena. Hakuna aliyehitaji kubahatisha kama njia ni nyeupe. Mzee mmoja wa suti alinitukana, "Wewe nani, trafiki?" Nikamwambia asubiri tawi kama wengine. Akasubiri.

Askari walipofika walikuta magari yanatembea. Winchi ilipanda bila kuomba njia. Kesho yake nipo Mafinga nakunywa chai, nasikia redioni mtu ambaye sikumwona kabisa mlimani anaeleza "tulivyodhibiti foleni". Na bosi niliyekuwa namwendeshea akanikata posho kwa kuchelewesha mzigo. Nimeshakuwa na magari yangu sasa, lakini ile posho bado naikumbuka, sitawadanganya.

Basi vijana, jifunzeni. Gari likiharibika, weka pembetatu na matawi kabla ya kona, siyo baada yake; anayeshuka na mzigo akikuona akiwa ameshaingia konani, breki hazitamsaidia. Ukitengeneza, ondoa matawi na mawe yako. Wapo wanaondoka wakayaacha, na usiku pikipiki inayapanda. Huo ni uuaji, mtaniwia radhi. Piga 112, namba ya dharura ya polisi, mapema, taja mahali na aina ya gari, useme kama ni lori la mafuta. Na likiwa la mafuta limepinduka, rudi nyuma na uwarudishe wengine, kisha waite Zimamoto kwa 114. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walisogea kuchota petroli na zaidi ya 100 wakafa kwa moto. Bado nawaona wenye ndoo na madumu wakikimbilia lori lililopinduka. Tumerogwa na nini?

Halafu usitanue. Wahandisi wa Marekani, wenye barabara za njia sita na nane, wanakadiria kwamba kama robo ya foleni zao inaletwa na ajali na magari mabovu. Sisi wa njia mbili mnadhani ni kiasi gani? Kaa upande wako, acha nafasi mbele yako ya kukunja usukani, zima injini. Mwenye gari dogo atakupita anakucheka. Mwache, utamkuta huko juu amebanwa kati ya basi na mwamba. Nimesema usitanue, hata kama konda wa nyuma anakupigia kelele.

Kwa yule wa nyanya: pakia jioni mapema, uvuke Kitonga kabla malori ya usiku hayajajaa, na mwambie dalali wa Dar ukweli mara tu unapokwama, atafute mnunuzi wa nyanya zilizoiva. Ukisubiri hadi ufike Chalinze ndiyo umpigie, atakupangia bei yake.