Soma chini kabisa ya hati, palipo na jina la wakili

Baba alipofariki, tulikuta sandukuni mwake mkataba wa ploti uliokunjwa mara nne na barua moja kutoka kwa mawakili wake. Hatimiliki haikuwamo. Kaka yangu alikwenda kwenye anwani ya ile barua, akakuta duka la vitambaa. Kwa karibu miaka miwili tuliamini kampuni ile imekufa na karatasi zetu zimepotea nayo.

Kumbe ilibadilisha jina tu.

Kampuni kongwe za mawakili huitwa kwa majina ya washirika, na washirika hustaafu, hufa, au huungana na wengine. Hamilton Harrison & Mathews ilianzishwa Nairobi mwaka 1902, miaka mitatu tu baada ya reli kufika pale; leo inaitwa Dentons Hamilton Harrison & Mathews. Daly & Figgis nayo sasa ni Daly & Inamdar. Hizo zina nafuu, maana sehemu ya jina la zamani imebaki. Katika kampuni ya mawakili wa baba halikubaki jina hata moja.

Kilichotuokoa ni ule mkataba wenyewe. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya kinamtaka aliyeandaa hati aandike jina na anwani yake juu yake. Chini kabisa palikuwa na jina la wakili mwenyewe, si la kampuni peke yake. Nikaliulizia kwa makarani wa mahakama, wale waliozeekea kazini. Wa tatu alimkumbuka, na akajua faili zake zilichukuliwa na nani alipostaafu.

Usiende mikono mitupu kwa mawakili waliochukua faili. Chukua cheti cha kifo, barua za usimamizi wa mirathi (idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu), na ile barua ya zamani, kwa kuwa namba ya kumbukumbu iliyo juu yake ndiyo itakayomwongoza karani wa masijala hadi kwenye faili. Mimi mara ya kwanza nilikwenda na kitambulisho tu, nikarudishwa. Iliniuma, lakini walikuwa na haki: siri ya mteja haikomi kwa kufa kwake.

Wakati huohuo fanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani omba uonyeshwe ploti imeandikishwa kwa jina la nani. Hatimiliki ikiwa imepotea kweli, hutolewa nyingine baada ya tangazo la siku 60 katika Gazeti Rasmi.

Yetu haikufika huko. Ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, na jina la baba limeandikwa kwa mkono wake.