Pama lilivyoninyoosha shingo

Mimi nilikua navaa kofia siku nywele zikigoma tu, basi. Kapelo nyeusi, nimeishusha mpaka kwenye nyusi kama mtu anayekwepa madeni. Halafu siku moja nikajaribu pama la rafiki yangu, tena kwa utani tu, nikajicheki kwenye kioo nikakuta nimenyanyua kidevu bila kuambiwa. Sio uchawi jamani, pama lina ukingo mpana, ukiinamisha kichwa huoni mbele, kwahiyo shingo inanyooka yenyewe na mabega yanafuata.

Nikanunua langu. Siku ya kwanza nimetoka nalo mkono hautulii, mara nalisogeza mbele, mara nyuma, mpaka mtu akaniuliza kama kichwa kinauma. Kwahiyo kama ndo unaanza, livae ndani kwanza, osha nalo vyombo, ongea nalo na simu, mpaka usahau kama lipo.

Wiki ya pili upepo ukalibeba. Nikalikimbiza, kila nikikaribia linabingirika tena kama linanifanyia makusudi, watu hoi kwa kucheka na mimi mwenyewe hoi, mzee mmoja wala hatujuani akaliwahi kwa kukanyaga ukingo na kisigino, akalipangusa vumbi, halafu kabla ya kunirudishia akalivaa yeye kwanza, kaliinamisha upande, kanikonyeza! Na kapelo yangu hakuna mgeni aliyewahi hata kunisalimia.

Kosa lilikua saizi, nilinunua kwa macho. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, izungushe katikati ya paji la uso na juu kidogo ya masikio, sentimita utakazopata, tuseme 57 au 58, ndo saizi yako. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua kubwa, utapachika kipande cha sponji kwa ndani, maana inayobana ni ngumu kuitanua.

Na usiibane pale juu panapobonyea, hasa ya majani, ndo panapopasuka, ishike ukingo. Mezani igeuze juu chini. Ukingo ukipinda upitishe kwenye mvuke wa birika unyooshe na vidole, langu ile alama ya kisigino imetoka karibu yote.

Eti kofia ya majani inayoitwa Panama asili yake ni Ekuado, huko ndo inakosukwa, yaani kofia yenyewe inatembea na jina la nchi ya watu, sasa wewe unaogopa nini kuiinamisha kidogo?

Kapelo bado ninayo, ya siku ambazo sitaki salamu.