Mkuu, kabla hujabadili injini kashike rejeta

Mkuu, maelezo yako nimeyasoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu. Si dharau, ni kwamba umenisimulia mimi. Gari la mkononi, mwaka na nusu hapo Tanga, gereji mara tano, na sasa fundi anataka milioni 2.3 abadili injini kwa sababu linachemsha kila ukitoka nje ya mji. Shemeji, yaani mkeo, anasema liuzwe, wewe unasema likishapata injini litatulia. Unauliza nani yuko sahihi. Nitajibu, ila nianzie kwangu.

Langu nililinunua Dar mwaka 2017 kwa milioni 9.5, kupitia dalali. Aina naiacha, maana nikiitaja tu tutaanza Simba na Yanga hapa na swali lako litazikwa. Cc 1990, giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda), rangi ya fedha, ndani linanukia kama duka la udi. Siku hizi gari likinukia vile siku ya kuuzwa najiuliza linafunika harufu gani. Dalali alilileta likiwa limeshawashwa, lina moto, nikadhani ni ukarimu. Kumbe injini yenye maradhi husema asubuhi ikiwa baridi. Hapo ndipo cheni hulia, hapo ndipo moshi wa bluu hutoka kama inakula oili. Ikishapata moto mengi hunyamaza. Na mfuniko wa rejeta, kile kinachopoza maji ya injini, sikuufungua, kwa kuwa ukiufungua injini ikiwa na moto unaungua uso. Nikauliza tu. "Maji yapo kaka, usiwe na wasi." Yalikuwepo kweli. Tatizo ni kwamba yalikuwa maji.

Mimi ni mwalimu. Naishi Ngamiani, nafundisha Muheza, kilomita thelathini na kitu kwenda, na kurudi vilevile, njia isiyo na mlima wa kutisha. Miezi mitatu lilinibeba vizuri, nikawa napunga mkono Pongwe kama mgombea.

Desemba tukawa na arusi Lushoto, upande wa mke. Ndani ya gari mimi, mke, watoto wawili, mama mkwe, nazi nusu gunia na ndoo ya samaki wa kukaanga. Mpaka Mombo mshale wa joto umetulia katikati. Pale unakata kulia unaanza kupanda, kona juu ya kona, na mshale nao ukaanza kupanda pamoja nasi. Hatujafika Soni, mvuke. Tukashuka, tukasimama pembeni tukitazama boneti. Mama mkwe, mtu mpole sana, akaniuliza, "Baba, gari lako linapika nini?" Mpaka leo ukoo mzima wanaliita Jiko.

Hapo nikafanya kosa lililonigharimu kuliko yote. Nilisubiri dakika ishirini, nikamimina maji ya chupa, nikaondoka. Likachemsha tena, nikamimina tena. Lushoto nilifika kwa vituo vitatu. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kwa magari haya ni alumini, ikizidiwa na joto inapinda. Kwa hiyo kila kituo nilikuwa naipinda kidogo kidogo kwa mkono wangu mwenyewe, huku najisifu nyumbani kwa watu kwamba nimefika.

Tuliporudi Tanga ndipo safari yenyewe ilipoanza. Fundi alisema feni: 180,000. Wiki tatu baadaye akasema wota pampu, ile inayozungusha maji. Spea ikatumwa na basi kutoka Gerezani, nikaenda kuipokea Kange usiku, nimeikumbatia kwenye bodaboda kama mtoto. Halikupona. Akaitoa thamostati, akaitupa. "Mwalimu, hii ni ya nchi za baridi. Kwa joto hili la Tanga unaitaka ya nini?" Nikakubali upesi, maana kuitoa ilikuwa bure.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu nusu ya magari ya hapa mjini yametolewa thamostati kwa maneno hayohayo. Kile kidude kinafunga njia ya maji mpaka injini ifike nyuzi kama 82 hivi, ndipo kinafungua. Hakijali nje kuna joto la Tanga au baridi ya Lushoto, kinachunga joto la injini. Ukikitoa, maji yanazunguka tangu unawasha, injini inachelewa kupata moto, na kompyuta ya gari inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kuongeza petroli. Mafuta yaliyokuwa yananifikisha Ijumaa yakaanza kuishia Jumatano. Nikalalamikia kituo cha mafuta, masikini, nikawasingizia kwamba wanapunja.

Ikafuata gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini. Ukichomoa kijiti cha oili, oili imekuwa chai ya maziwa, yaani imeingia maji. Hedi ikavuliwa, ikaskimiwa (ikasawazishwa uso), gasketi mpya, 650,000. Mwezi mmoja wa raha. Likachemsha tena Segera nikienda Korogwe kusahihisha mitihani. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini gari langu lilikuwa haliwezi kuondoka. Kila likijaribu kutoka mjini linarudishwa kwa kamba. Ndipo fundi akanipa sentensi uliyopewa wewe: "Bloku imepasuka, tubadili injini." Bloku ndiyo mwili wenyewe wa injini. Injini ya mtumba milioni 2.8, bila ufundi.

Mimi sikuwa na hesabu yoyote. Mke wangu alikuwa nayo. Kwenye daftari lake la kikoba, kurasa za nyuma, ameandika kila shilingi iliyoingia kwenye Jiko, na nauli zangu za basi dogo la Muheza kwa siku zote gari lilipokuwa gereji. Siku 61 ndani ya miezi kumi na nne. Jumla 3,140,000. Hakunigombeza. Alinisomea tu, akafunga daftari, akaenda kukuna nazi.

Na unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Sasa nikiliuza si ndiyo hizo milioni tatu zimepotea?" Bura yangu sibadili na rehani. Nilikuwa naziona zile hela kama zimo ndani ya gari, zimekaa mahali, siku moja zitatoka. Hazimo. Mnunuzi hakulipi gasketi uliyobadili mara mbili. Akisikia umebadili mara mbili anapunguza bei.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Chumbageni, fundi wa mitambo aliyestaafu, anakaa barazani na redio yake. Nilipelekwa kwake kusalimia tu. Akaniuliza linachemsha likiwa limesimama au linakwenda. Nikasema linakwenda, tena mlimani au nikikimbia. Foleni halichemshi? Halichemshi. "Basi feni ilikukosea nini?"

Fikiria, mkuu. Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza swali hilo, na ni la bure. Gari likikimbia upepo wenyewe unapiga rejeta, feni haina kazi kubwa. Feni ikifa utaiona foleni, limesimama, jua la saa nane. Likichemsha kwenye mwendo na kwenye mlima, tafuta maji yanayoshindwa kupita au kuhimili joto: rejeta, mfuniko, pampu, gasketi.

Akalizungusha gari, akalizima, akangoja feni itulie, akapitisha kiganja kwenye rejeta. Juu moto, chini kushoto baridi kabisa, unaweza kuegemeza shavu. Yaani maji hayafiki kule, njia zimeziba. Kesho yake asubuhi, injini baridi, akafungua mfuniko. Mle ndani rangi ya mto Pangani wakati wa masika. Miaka na miaka ya maji ya bomba na ya kisima, chumvi na kutu vimeganda. Kulanti, kipoozi kinachotakiwa mle, si maji yenye rangi ya kupendeza kama nilivyoamini. Ina dawa ya kuzuia kutu, na maji ya kawaida hayana.

Mfuniko umeandikwa 0.9, ndiyo presha yake. Spring yake imelegea, ukiibonyeza kwa kidole gumba inazama kama godoro la gesti. Akanifundisha jambo ambalo mimi, mwalimu, ningepaswa kulijua. Usawa wa bahari, hapa Tanga, maji wazi yanachemka nyuzi 100. Mfuniko mzima wa 0.9 ukiyabana, yanahimili mpaka karibu 118. Mfuniko ukifa, kinga hiyo yote imekwenda. Na ukipanda Lushoto, zaidi ya mita 1,300 juu, maji wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 au 96. Kwa hiyo Ngamiani gari linajikongoja, Soni linaumbuka. Arusi haikuwa na mkosi, kama mama mmoja alivyosema siku ile.

Kisha akapachika kipampu cha mkono mahali pa mfuniko, akajaza presha, akaniwekea kiti nitazame mshale. Robo saa, haukushuka. Akapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, silinda zote nne zikakaribiana. Bloku iliyopasuka ilikuwa haijapasuka. Rejeta, mfuniko, thamostati, kulanti na ufundi wake havikufika 400,000. Gari halikuchemsha tena, na Lushoto nilipanda Idi iliyofuata, mama mkwe mbele.

Fundi wangu wa kwanza sidhani alikuwa mwizi. Alikuwa anabahatisha kwa hela yangu, na mimi nilimruhusu, kwa sababu kila alipotaja kifaa nilimuuliza "shilingi ngapi?" Sikumuuliza hata siku moja "umejuaje?"

Lakini gari halipo tena, na usidhani nilishinda. Wakati wa pilikapilika zile mtu fulani pale gereji "aliniongezea oili ya gia", ile nyekundu ya giaboksi za kawaida. CVT haibadili mwendo kwa gia za meno. Ina puli mbili na mkanda wa chuma uliobanwa katikati, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Ukiweka nyingine, mkanda unateleza na kuzikwangua puli. Miezi minne baadaye likaanza kutetemeka kati ya spidi 40 na 60 na kulia kama mbu. Giaboksi ya mtumba bei yake ilinikata maini. Safari hii daftari lilikuwa wazi mezani, hatukubishana.

Nililiuza kwa milioni 4.2 kwa jamaa mmoja mwenye gari kama langu lililokufa injini. Nilimweleza kila kitu, giaboksi nikaitaja kwanza, na kurasa za daftari nikampa picha. Alinunua kwa sababu ya injini. Ndiyo ileile tuliyotaka kuing'oa na kuitupa. Mpaka mwaka jana ilikuwa inapanda na kushuka Handeni kwenye gari lake.

Sasa lako. Umeandika "kila ukitoka nje ya mji", na hukusema lolote kuhusu foleni. Mfuate fundi, kwa heshima, mwambie akupimie presha na kompresheni mbele yako, ukitazama. Kama hana vifaa si dhambi, ila basi hana pia sababu ya kusema injini imekufa. Livute kwa aliye navyo, hapo mjini wapo. Presha na kompresheni zikiwa nzima, usimpe mtu hata senti ya injini. Ikiwa silinda moja imelala, au mbili zilizo jirani, hapo uliza gasketi kwanza. Na hata ikifika kwenye injini kweli, hiyo ya mtumba ataifunga na siku ngapi za kurudisha, kwa maandishi? Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, ikibadilika lazima kadi nayo irekebishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza utatoa maelezo marefu.

Shemeji yuko sahihi kwamba liuzwe. Ila si leo. Gari linalochemsha linauzwa kwa bei ya chuma, na kama ugonjwa wenyewe ni rejeta utakuwa umempa mtu zawadi. Maliza kwanza kipimo, tengeneza kilichoonekana, lipandishe mlima mmoja ukiwa peke yako, kisha kaeni wawili na hesabu. Yeye bila shaka anayo tayari, mwombe tu.

Na kesho asubuhi, kabla hujaliwasha, narudia, kabla hujaliwasha, fungua mfuniko wa rejeta uchungulie. Piga picha uiweke hapa, tuone ni rangi gani.