Dada uliyepungua kilo 9 zikarudi zote, soma hapa

Pole sana dada, nimekuelewa. Uliacha wali na ugali miezi mitatu ili gauni la sendoff likuingie, kilo 9 zikatoka, sherehe ikaisha zikarudi, sasa unauliza uanze dayati ipi. Mi naona shida sio dayati, ni kwamba kichwani uliiweka kama adhabu yenye tarehe ya mwisho, na adhabu ikiisha mtu anarudi alikotoka.

Mi nimepita humo humo. Kilichonisaidia ni kuacha kujiuliza "nitapungua lini", nikaanza kujiona mtu anayetunza mwili wake, basi. Nilianza na chai tu, nilikuwa naweka vijiko vinne vya sukari, nikawa napunguza kimoja kila wiki mbili mpaka ulimi ukazoea. Halafu sahani: mchicha nusu, ugali robo, dagaa au maharage robo, napakua mara moja tu sufuria nafunika. Jioni nashuka daladala kituo kimoja kabla, natembea.

Na siku ukila chapati tatu shughulini usiseme "nimeshaharibu", mlo unaofuata endelea kama kawaida, hapo ndo wengi tunaangukia.

Kupungua nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Zile chai za kukata tumbo za mtandaoni achana nazo. Ila kama una kiu sana, unakojoa mara kwa mara au hedhi imevurugika, nenda hospitali wakupime kwanza, na kama unajitapisha au unajinyima mpaka kizunguzungu mwambie daktari bila aibu.